Gari la zawadi linanimaliza, nitamwambiaje kaka?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto watatu, naishi Buhongwa. Nakuandikia kabla sijagombana na watu wawili ninaowapenda.

Mwaka juzi kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi Uingereza, alinitumia gari. Ni gari la Kizungu la mwaka 2011, injini ya 1600 yenye tabo, otomatiki. Jina lake sitalitaja, maana hapa Mwanza yako machache na wenzangu watanitambua. Alilinunua kwa fedha zake, akalipia meli, akalipia ushuru. Mpaka leo kadi ina jina lake; alisema tutabadilisha akija likizo, na likizo yenyewe haijapatikana. Sababu ya zawadi ilikuwa mama yetu. Yuko Magu, ana kliniki ya moyo Bugando kila mwezi, na kaka alisema hataki kusikia mama anabanana kwenye hiace.

Miezi ya mwanzo gari lilikuwa raha tupu. Baadaye ikawaka taa ya injini, gari likaanza kutetemeka likisimama kwenye foleni ya Mabatini. Fundi akabadilisha koili moja, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kurusha moto, ikaja ya pili. Halafu siku moja tunapanda mlima wa Bugando, mama yuko ndani, mshale wa joto ukapanda mpaka mwekundu na mvuke ukatoka kwenye boneti. Fundi akasema pampu ya maji imekwisha na nyumba ya termostati imepasuka. Spea haikuwepo Mwanza, ikaagizwa Dar es Salaam, gari likakaa gereji wiki tatu. Wakati wa kufunga, fundi aliitoa termostati kabisa akaniambia, "Hizi ni za nchi za baridi, madam, huku hazina kazi." Feni nayo ameiunga iwe inazunguka muda wote. Gari halijachemka tena hadi mwekundu, ila linakunywa mafuta kuliko zamani, taa imerudi, na maji yanapungua kidogo kidogo nisijue yanakoishia. Naongeza ya bomba.

Mimi ni mtu wa kuandika, kwa hiyo hesabu ya miezi kumi na miwili iliyopita ninayo. Tairi nne 880,000. Betri 260,000. Oili na filta 400,000. Plagi 160,000. Koili mbili 420,000. Pampu ya maji, nyumba ya termostati na usafirishaji 950,000. Bushi za mbele 480,000. Ufundi, kupima kwa kompyuta na kuvutwa na breakdown 600,000. Jumla 4,150,000. Huo ni mshahara wangu wa miezi kadhaa.

Mume wangu amechoka. Anasema tuuze tununue IST, "kila jiwe la Mwanza lina fundi wa IST chini yake." Ameshaona moja, namba D, wanataka milioni 12 na nusu. Na mnunuzi wa letu yupo tayari: mwalimu mwenzangu, kijana, analiona linavyong'aa pale shuleni na yuko tayari kutoa milioni 13 kwa mkopo wa SACCOS. Fundi amesema kwa elfu ishirini anaifuta ile taa na gari litatulia mpaka liuzwe. Mume wangu anasema hakuna dhambi hapo, gari huuzwa lilivyo, mnunuzi aje na fundi wake.

Mimi moyo unakataa. Na kila Jumapili kaka akipiga simu ya video swali lake ni lile lile, "Gari linaendeleaje?" Namjibu, "Salama kabisa."

Niuze kimya kimya? Nimwambie ukweli mwalimu mwenzangu nikose mnunuzi? Au nibaki nalo linimalize?

Mwenye Zawadi, Buhongwa

*

Dada yangu, Mwenye Zawadi,

Asante kwa barua, na asante zaidi kwa hesabu. Wengi hutuandikia kwamba gari "linakula hela" bila kusema limekula nini. Wewe umetupa risiti mezani, na ndiyo maana tunaweza kuzungumza.

Nikikusoma vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja. Kuna gari ambalo hulielewi tena. Kuna kaka ambaye unamjibu "salama" kila Jumapili huku roho inakusuta. Na kuna kijana ambaye anataka kukopa milioni 13 kwa kitu unachokijua kuliko yeye. Umeniuliza kuhusu kuuza, na kuuza kunagusa yote matatu. Naomba tuanze na gari lenyewe, maana sina hakika kwamba tunajua linaumwa nini.

Fundi wako alikuambia termostati ni ya nchi za baridi. Ni maneno yanayosikika gereji nyingi, na yana sura ya ukweli, lakini siyo kweli. Termostati hubana maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi. Injini nyingi za Kizungu za umri wa hiyo yako zimepangwa zifanye kazi kati ya nyuzi 90 na 105. Ukiitoa, injini inazunguka baridi muda mrefu, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Hapo ndipo mafuta yako yanapokwenda. Na taa iliyorudi huenda haihusiani na koili hata kidogo: injini isiyofikia joto lake huandika namba ya hitilafu P0128, wakati kukosa moto kwenye silinda huandika P0300 au kati ya P0301 na P0304. Je, fundi alikusomea namba, au alikuambia tu "ni sensa"? Mwombe akuandikie namba hizo kwenye karatasi kabla hajagusa kitu. Kusoma huchukua dakika chache.

Sasa yale maji ya bomba. Mwanza tuko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji matupu kwenye sufuria huchemka yakifika takribani nyuzi 96. Injini iliyopangiwa nyuzi 100 haiwezi kuishi na maji matupu yasiyobanwa. Kinachoiokoa ni vitu viwili: kifuniko cha tanki la maji, ambacho hubana presha na kusogeza kuchemka juu zaidi, na kulanti, yaani dawa ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvichumvi. Kifuniko kikichoka mara nyingi hakionyeshi dalili kwa macho, na ni moja ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye mfumo mzima. Maji ya bomba peke yake yanashusha kiwango cha kuchemka, yanaleta kutu ndani na yanakula pampu mpya uliyoilipia. Usichanganye pia kulanti za aina tofauti kwa kuangalia rangi. Rangi si kipimo, soma maandishi ya chupa na kitabu cha gari.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba maji yanapungua na huoni yanakoishia. Gari lililowahi kufika mwekundu linaweza kuwa limepinda silinda hedi, yaani kichwa cha injini, au kuchoma gasketi yake, kizibo kilicho kati ya kichwa hicho na injini. Pia inaweza kuwa ni mpira wa bomba unaovuja tone tone juu ya chuma cha moto, maji yanakauka kabla hayajafika chini. Kati ya hayo mawili kuna tofauti kubwa sana ya fedha, na ndiyo itakayokuambia kama unauza gari au unauza mzigo. Vipimo vyenyewe ni hivi. Injini ikiwa baridi, fundi afunge pampu ya presha kwenye tanki la maji, apandishe hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, aache robo saa; mshale ukishuka, atafute panapovuja, ndani ya gari chini ya zulia la abiria pia, maana rejeta ndogo ya hita huvujia huko. Kisha afanye kipimo cha dawa ya bluu juu ya mdomo wa tanki injini ikiunguruma: hewa ya moto kutoka kwenye silinda ikipenya kwenye maji, dawa inageuka njano. Mwisho afungue kifuniko cha oili. Ute kama maziwa chini ya kifuniko unaweza kuwa unyevu tu kwenye gari la safari fupi, lakini ukiuona pia kwenye kijiti cha kupimia oili, ujue maji na oili vimekutana. Gereji isiyo na pampu ya presha wala dawa hiyo ni vigumu ikuambie kwa uhakika hali ya gasketi, hata fundi awe mzoefu namna gani. Uliza kabla ya kupeleka gari. Zipo Nyakato na mjini zenye vifaa hivyo, hata kama zinatoza zaidi.

Feni iliyoungwa moja kwa moja ina shida yake. Inaficha ugonjwa. Injini za namna hii zina feni yenye kasi zaidi ya moja, inayoamriwa na kompyuta. Ukiipitishia umeme moja kwa moja inachoka mapema na inanyonya betri. Betri ya 260,000, labda ndipo ilipoanzia safari.

Koili mbili kwa mfululizo nazo zina swali. Plagi ulibadilisha kabla au baada ya koili? Plagi iliyochakaa huilazimisha koili irushe moto kwenye mwanya mpana mpaka inaungua. Na kama gasketi ya kifuniko cha juu ya injini inavuja, oili hujaa kwenye visima vya plagi na kuua koili mpya pia. Fundi akichomoa koili, mwambie akuonyeshe kama ncha yake ina oili. Kama taa ya injini inawaka kwa kukonyezakonyeza huku gari linatetemeka, usiendelee kuendesha: petroli isiyoungua inakwenda kuchoma katalisti, kile kichujio cha moshi kwenye eksozi, na hiyo ni bei nyingine kabisa. Halafu, jambo ambalo hukulisema: gia boksi ikoje? Inachelewa kuingia R asubuhi? Inapiga kishindo kati ya gia ya kwanza na ya pili? Ukimya wako nauchukua kama habari njema, lakini oili yake pengine haijabadilishwa tangu itoke kiwandani.

Kwa hiyo kabla ya kusema "gari la Kizungu halifai", naona gari ambalo limetengenezwa nusu nusu. Hata hivyo sitaki kumfanya mume wako aonekane hajui kitu. Anachokiona ni cha kweli. Injini nyingi za Kizungu za kipindi hicho zina nyumba za termostati, mabomba na matanki ya plastiki ambayo joto huyafanya yawe makavu na kupasuka. Zina tabo inayotaka oili ya sintetiki ya kiwango kilichotajwa kwenye kitabu. Na zinapangiwa kubadilishwa oili kila kilomita 15,000 au zaidi huko kwao, wakati kwa foleni, vumbi na milima ya huku hekima ni nusu ya hapo. Zaidi ya hayo, gari lililoishi Uingereza limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi. Fundi akilinyanyua, atazame kutu kwenye mabomba ya breki na kwenye fremu ndogo ya mbele.

Uimara wa gari hapa kwetu nusu ni kazi ya kiwanda na nusu ni spea. IST haisifiwi kwa sababu Toyota hawajawahi kukosea. Inasifiwa kwa sababu injini yake ya 1500, iitwayo 1NZ-FE, ndiyo hiyo hiyo iliyoko kwenye Probox, Succeed, Raum ya pili, Spacio ya 1500, Premio na Allion za 1500. Koili yake unaipata hata saa mbili usiku. Wiki tatu ulizongoja spea kutoka Dar es Salaam hazikusababishwa na ubovu wa chuma; zilisababishwa na uchache wa magari kama lako kwenye barabara hizi. Uchache huo hautaisha wewe ukibaki nalo.

Lakini IST nayo tuiulize maswali. Toleo la kwanza, ambalo ndilo limejaa mjini, lilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Maana yake hata ile changa ina umri mkubwa kuliko gari lako. Herufi D kwenye namba inakuambia lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii limetembea kiasi gani Japani wala kama saa ya kilomita imerudishwa nyuma. Na si kila Toyota ni sawa. Injini ya 1ZZ-FE ya 1800 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 inajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Zile za D4, zinazorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hazivumilii mafuta machafu, na huku ziwani kuna petroli ya madumu inayouzwa mialoni, wakati mwingine tayari imechanganywa oili kwa ajili ya injini za mitumbwi. Ukitoka nje ya Toyota, Nissan X-Trail ya toleo lililotoka 2007 yenye gia boksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, inataka oili yake maalumu ya NS-2, na mtu aliyeiwekea haidroliki ya kawaida ameiua. Subaru nyingi za injini ya EJ zina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000; ukikatika, valvu hugonga pistoni. Chapa moja inaweza kuwa na injini nzuri na injini ya kukukosesha usingizi.

Kama mtakwenda kuiona hiyo ya milioni 12 na nusu, fikeni asubuhi bila kutoa taarifa ya saa. Shika boneti, ikiwa ya moto, mwenye gari ameshaipasha ili usisikie inavyowaka ikiwa baridi. Iwashe, iache ikiunguruma dakika kumi, kisha kanyaga mafuta mara moja mtu akiwa nyuma: moshi wa bluu ni oili. Injini hiyo inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, na kijiti kikionyesha chini ya alama ya mwisho kwa gari linalouzwa, basi ama inakula ama haitunzwi. Zungusha usukani likiwa limesimama, usikilize kugonga. Weka D, kisha R, uhesabu inachukua muda gani kuingia. Linganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi. Na kwa Mwanza ongeza hili: inua zulia la buti. Magari yaliyobebea samaki kutoka Kirumba yana sakafu iliyoliwa na maji ya barafu na chumvi, na pafyumu ya mwenye kuuza haifichi harufu ya dagaa saa saba mchana madirisha yakiwa yamefungwa.

Turudi kwenye daftari lako. Tairi, betri, oili na plagi vinafika 1,700,000, na hivyo IST ingekudai pia, pengine kwa bei nafuu kidogo. Bushi 480,000 nazo ni za barabara zetu zaidi kuliko za kiwanda. Zinabaki 1,970,000 ambazo kwa haki tunaweza kuzipeleka kwa gari hili na kwa namna lilivyotengenezwa: koili, pampu na nyumba ya termostati, ufundi na kuvutwa. Ni fedha nyingi kwa mwalimu, sikatai. Ila mwaka unaokuja hautakuwa lazima kama huu. Unaweza kuwa mdogo, kama tatizo ni termostati, kifuniko na bomba. Unaweza kuwa mkubwa zaidi, kama ni silinda hedi. Leo hujui ni upi, na ukiuza leo utauza bila kujua, kama ambavyo mnunuzi atanunua bila kujua.

Sasa kuhusu huyo kijana. Mume wako anasema gari huuzwa lilivyo, na sokoni maneno hayo yanakubalika. Mnunuzi ana wajibu wa kuja na fundi. Hata hivyo kuna umbali kati ya kutosema na kuficha. Kulipa elfu ishirini taa izimwe ni tendo, na Sheria ya Mikataba, sura ya 345, inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa sehemu ya udanganyifu unaoweza kufanya mkataba uvunjwe. Tena haifichiki sana: namba za hitilafu zikifutwa, kompyuta ya gari inafuta pia kumbukumbu za majaribio yake ya ndani, na fundi mwenye mashine nzuri ataona kwamba zimefutwa muda mfupi uliopita. Akishaona hilo, ataamini kwamba kila kitu kingine nacho kimefichwa. Halafu huyo ni mtu utakayekaa naye chumba kimoja cha walimu, anakatwa SACCOS kila mwezi, gari liko juu ya mawe. Sikuhukumu; umeshaandika mwenyewe kwamba moyo unakataa. Njia nyingine ipo: umpe majibu ya vipimo vilivyoandikwa, bei ishuke kwa gharama ya kilichobaki, aamue akiwa anajua. Hatari yake ni kwamba atakimbia, au habari zitafika shule nzima. Hiyo hatari ni ya kweli na siwezi kuipunguza. Lakini mnunuzi mwenye mtaji, anayeishi karibu na gereji nzuri, anaweza kulitaka gari hilo hilo kwa bei ya haki.

Halafu kuna jambo ambalo naona umelipita haraka. Kadi ina jina la kaka yako. Kubadilisha umiliki TRA kunataka kadi halisi, mkataba wa mauziano uliothibitishwa na wakili, na mwenye jina kwenye kadi akiwa muuzaji, na TIN yake. Wewe huwezi kusaini mahali pake bila hati ya kukupa mamlaka, iliyothibitishwa kisheria huko aliko au kupitia ubalozi. Ukiuza "kienyeji" na kadi ikabaki na jina lake, faini za barabarani zitaendelea kuandikwa kwenye namba ya gari lake, na likigonga mtu, wa kwanza kutafutwa ni yeye. Kwa hiyo kuuza kimya kimya, kwa njia iliyo safi, hakupo. Hata ukiamua kuuza kesho, kaka atajua kesho.

Nakuuliza kwa upole: unaogopa nini hasa akijua? Umeandika kwamba zawadi ilikuwa ili mama asibanane kwenye hiace. Sikuona mahali alipokuambia lazima iwe kwa gari hili. Inawezekana ataumia, hasa akisikia kwamba kwa Jumapili zote hizo ulikuwa unamjibu salama. Kaka wakubwa wana majivuno yao, na aliyelipia meli na ushuru anaweza kudhani unamdharau au umelitumia vibaya. Inawezekana pia ndiye mtu anayeweza kukusaidia kuliko fundi yeyote wa Mwanza. Fikiria: nyumba ya termostati ambayo huku ni ya kuagiza, huko aliko ni ya duka la kawaida, inaingia kwenye begi la mtu anayekuja. Na kuna hili. Uingereza gari likifikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na matokeo ya ukaguzi huo wa MOT yanatazamwa bure mtandaoni kwa namba ya zamani ya gari: kilomita, au maili kwao, na kasoro zilizoandikwa kila mwaka. Ukimwomba hiyo namba, utaona kama gari lilishaanza kuvuja maji au kuota kutu kabla hata halijapanda meli. Yeye mwenyewe huenda aliuziwa asichokijua.

Unaweza kuanza bila kulalamika. Mwambie, "Kaka, gari linatusaidia, lakini mwaka huu limenishinda kidogo, nataka tushauriane," kisha mtumie picha ya daftari lako. Mume wako awepo kwenye simu kama wanaheshimiana. Kama hawapatani, labda asiwepo mara ya kwanza. Ama ungoje upate majibu ya vipimo kwanza, uwe na kitu cha kumwonyesha. Faida ya kungoja ni kwamba mazungumzo yatakuwa ya spea na bei badala ya hisia. Hasara yake ni Jumapili nyingine mbili tatu za "salama kabisa". Wewe ndiye unayejua kaka yako husikia vipi habari mbaya.

Na mkifika kwenye kuamua, meza ina zaidi ya viti viwili. Kulitengeneza sawasawa na kubaki nalo, mkijua kwamba kila mwaka kuna akiba ya kuweka pembeni. Kulitengeneza na kuliuza kwa bei ya gari zima. Kuliuza na kasoro zake wazi kwa bei pungufu, kaka akisaini. Au kuachana na gari kwa muda na kumkodia mama teksi ya siku za kliniki. Magu hadi Bugando ni kilomita sitini na kitu, mara moja kwa mwezi, na ukipiga hesabu dhidi ya ile 1,970,000 huenda ukashangaa. Hiyo ya mwisho ina ubaya wake kwa mwalimu mwenye watoto watatu Buhongwa, najua.

Mpaka vipimo vifanyike, naomba mama asisafiri na gari hili. Ukilazimika kulitumia mjini, angalia maji asubuhi injini ikiwa baridi, uwe na lita tano za maji safi kwenye buti, na macho yawe kwenye mshale kila unapopanda mlima. Ukianza kusogea juu, zima AC, washa hita kwa moto wote na feni yake kasi ya mwisho, hata kama mtatoka jasho, kisha tafuta pa kusimama. Ukifika mwekundu, zima injini hapo hapo. Usifungue kifuniko mpaka upite angalau muda wa nusu saa na bomba la juu liwe la kushikika kwa mkono. Mvuke uliobanwa unaunguza uso. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Piga simu ulivutwe, hata kama unaona nyumbani ni karibu.